Hofu Aliyorudi Nayo Mama

Siku hizi daktari wa watu wanaoogopa kula hapewi leseni mpya mpaka aende kongamano, awekewe kichwani hofu ya mgonjwa asiyetajwa jina, akae nayo wiki nzima.

Leo mama, daktari wa aina hiyo, karudi nayo. Nikampakulia maharage na chapati, akasukuma sahani.

"Siwezi, Nasra. Huyu mtoto mwenye hofu hii anaficha chapati kwenye soksi! Hivi mama yake haoni jamani?"

Nilishindwa kumwambia kwamba hofu ile ni yangu, nilikubali inakiliwe kwa siri kule zahanati ya shule.

"Kula kidogo tu, mama," nikasema, kama anavyoniambiaga yeye.

Akamega kipande, akakitafuna huku analia.

"Na wewe kula, mwanangu."

Nikaitikia, nikarudisha miguu yangu yenye soksi nyuma, chini ya kiti.