Mshauri Asiyetoza Kitu

Kabla hakujapambazuka, Bibi alisikia pasi ikigonga meza sebuleni. Ti. Kimya. Ti. Mjukuu wake, mhasibu wa kiwanda cha mikate, alikuwa ananyoosha shati lililokwisha kunyooka.

"Litatoboka hilo, mume wangu."

"Sijapata usingizi, Bibi. Leo ndiyo mwisho wa kuwajibu chuo kama nakwenda kusoma."

Alitaka kuwa mshauri wa biashara, mtu wa kuingia kwenye kampuni za watu na kuwaonyesha walikokosea. Kuna waliomwambia bila shahada ya uzamili hakuna atakayemsikiliza. Wengine wakasema atapoteza muda, aanze tu. Vyovyote vile, kazi ya kiwandani angeiacha, na nyumba nzima ilikula kwa kazi hiyo.

Wakaenda pamoja kwa Mshauri, bingwa aliyesifiwa mji mzima. Mlangoni walipishana na mama mmoja, mhasibu wa kiwanda cha sabuni, uso umemchangamka.

"Kaniambia nisome," alisema, akaenda zake.

Mshauri alimvutia Bibi kiti, akamwekea mto mgongoni, akammiminia maji kwa mkono wake mwenyewe. Wala hatozi kitu. Bibi akamwombea dua kimoyomoyo. Wasomi wengine hata salamu huitikia kwa shida.

"Umeanza kazi lini? Nani wanakutegemea?" Mshauri aliuliza, akaandika kila neno. "Vizuri. Huna tofauti yoyote na yule mama aliyetoka."

"Kwa hiyo na mimi nisome?"

"Wewe usisome. Acha kazi, anza."

"Hivi hivi tu?"

"Leo leo."

Mjukuu akatoa simu. Akawaandikia chuo kwamba haji, akawaandikia kiwandani kwamba harudi. Mabega yakamshuka, akacheka peke yake kama mtoto aliyetoka kuoga.

"Mungu akuzidishie, mwanangu," Bibi alimwambia Mshauri. "Umemtua mzigo. Na huo uzamili wako, wewe uliusomea wapi?"

"Sijaupata bado, Bibi. Nimebakiza tasnifu tu, ninachunguza kama uzamili unamsaidia mtu kuingia kwenye ushauri." Akawafungulia mlango kwa adabu. "Nusu ya watu nawaambia wasome, nusu wasisome. Tafadhali, mrudi mnitembelee baada ya miaka miwili, na mimi nijue."