Kidole cha Mwashi

Akiwa kwenye usukani, baba akagonga skrini mara ya pili kuwasha kiyoyozi, nayo ikamnyamazia kama ukuta.

Gari lilikuwa la kifahari, ngozi tupu hadi milangoni, na skrini pana kama sinia. Lakini baba ni mwashi. Saruji imekula ncha za vidole vyake, na skrini haivitambui. Akakifuta kidole kwenye suruali, akajaribu tena.

"Hili halinitaki," akasema, akacheka.

Kiti cha nyuma, bosi wangu akakohoa. Sehemu ile ya mbele niliichora mimi, na tumevutana naye sana. Yeye anataka kila kitu kiwe kwenye skrini. Mimi nimeng'ang'ania kitufe kimoja cha chuma cha kuzungusha, chenye vijino pembeni. Leo ndipo anapoamua, akishamwona baba akiliendesha.

Tukaingia barabarani, jua likituchoma. Macho ya baba yalibaki mbele. Mkono ukashuka wenyewe, ukakipapasa kitufe, ukakizungusha. Ubaridi ukatupuliza.

"Hiki kakiweka nani?"

"Binti yako, mzee," bosi akaniwahi kujibu. "Na hakitoki."

Tulishaanza kutetemeka kwa baridi wote watatu, na baba bado anakizungusha.