Maji ya Kutazama

Bi Mwanatumu alipita katikati ya viti vya wageni na ndoo yake nyeupe, wala hakumtazama mtu. Jirani yake alikuwa amefariki alfajiri, na yeye ndiye mwosha maiti wa mtaa. Leo ilikuwa siku ya tisa mabomba ya mtaa hayatoi hata tone. Hapa, mbele ya ofisi ya meya, chemchemi mpya ilirusha maji juu kama mnazi, yakashuka kwa mbwembwe na povu jeupe.

"Mama, maji haya ni ya kutazama tu," askari alisema.

"Na maiti nimwoshe kwa macho?"

Askari akampisha. Bi Mwanatumu akazamisha ndoo, akaiinua, akachungulia ndani. Maji yalikuwa ya buluu kama wino.

"Mmeyatia nini?"

"Rangi, mama. Ili yapendeze."

Maji yaliyobadilishwa rangi hayafai kuoshea maiti. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua.

Makofi yakalipuka. Meya alikuwa amefika, mkasi mkononi, tayari kukata utepe. Alipomwona mama mwenye ndoo, akazitabasamia kamera.

"Eeh bibi, umeyapenda maji yetu?"

Bi Mwanatumu akaitua ndoo juu ya zulia jekundu, akaukamata mkono ule wenye mkasi.

"Twende ukamwambie marehemu mwenyewe asubiri," alisema, na mkono hakuuachia.