Shati la Marehemu

Mpelelezi wa mahakama ya kimataifa alilikunjua shati mezani, akalinusa, uso ukamsawijika.

"Mama, umelifua?"

"Sasa nimpe mgeni nguo chafu ya mwanangu?"

Alikuwa amelifua asubuhi ile ile na kulipiga pasi, alipoambiwa kwamba hatimaye wanakuja kulichukua.

"Damu ile ndiyo tungewabana nayo wale wanajeshi waliomuua, mama."

"Miaka yote hii nimewapigia kelele mje, shati liko na damu yake. Leo ndiyo mnaleta midomo?"

Mpelelezi akafunga mkoba wake. "Pole sana. Wakili wao atatucheka."

Mama akalinyakua shati, akapenyeza kidole kwenye tundu la risasi mgongoni, akamwelekezea usoni.

"Na hili? Hili nalo limetoka kwa sabuni?"