Vijiwe vya Datius

Renatha alikibonyeza kijiwe kwa ncha ya kidole, kikabonyea na kutoa maji. Juzi tu kilikuwa kigumu kama kokoto. Sasa kimeoza, na yeye akajikuta amepiga magoti barazani, analia kama mtu aliyefiwa.

Neno hilo, kufiwa, lilikuwa halitamkwi katika nyumba ile.

Vilikuwa vimea vya ajabu. Kila kimoja ni majani mawili tu, manene, yaliyobanana, madogo kuliko kwato za mwanambuzi, rangi ya kijivu yenye madoa. Ukivikuta kwenye kopo la mchanga utaapa ni mawe. Datius, mume wa Renatha, aliagiza mbegu zake Nairobi akaziotesha dirishani, kwenye chumba chao cha kupanga mjini, mtaa wa Kashai. Majirani walimcheka: Mhaya gani huyu, anaacha migomba anafuga mawe! Na yeye alicheka nao.

"Hivi havitaki samadi, havitaki maji," alimwambia mkewe. "Vinataka uviache vyenyewe. Maji mengi ndiyo sumu yake."

Kisha akapanda boti kwenda kisiwa cha Bumbire kumtembelea rafiki yake, dhoruba ikaipindua. Wenzake walipatikana, wakazikwa kwao. Datius, ziwa halikumrudisha. Renatha alifungasha, akahamia Muleba kwa mama mkwe wake, bibi Kokwijuka, njia nzima kapakata makopo ya vijiwe.

Mtu wa ziwani asipopatikana, ukoo hukata mgomba, huuvika sanda, huuzika kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, badala ya mwili. Hapo ndipo watu hulia wakamaliza, na mjane akaitwa mjane. Mzee Anatory, baba mdogo wa Datius, alikuja kuulizia siku. Kokwijuka alimjibu shemeji yake huyo, Renatha akiwa amekaa palepale.

"Vijiwe vya mwanangu vikiwa hai, hapa hakizikwi kitu. Siku kitakapokufa cha mwisho, uje na panga lako."

Mzee Anatory alimgeukia Renatha, kama anayeomba msaada. Renatha akainamisha macho.

"Tumsubiri Mama, baba," alisema. "Hajawa tayari."

Basi ikawa kazi yake hiyo, kumlindia mama wa watu tumaini lake. Alivifuta vumbi kwa unyoya wa kuku. Alivigeuza vipate jua. Kila jioni alipopakua ndizi na maharage alipakua na ya Datius, akaifunika sahani. Mama asije akaona haipo akaumia, alijiambia. Laini ya Datius nayo aliiwekea vocha isifungwe.

Na bado viliendelea kuoza. Kimoja leo, kingine wiki ijayo. Alidhani ni mvua inayorushwa na upepo, akavihamishia ndani. Vikaoza. Alidhani bati linavuja, akapanda juu ya kiti kukagua, halivuji. Akabadilisha mchanga. Vikaoza tu, na mchanga wenyewe ukawa na unyevu usiojulikana umetoka wapi. Mwishowe akatuma picha kwenye kundi la wapenda maua kule WhatsApp. Mtu mmoja akamjibu upesi: Pole dada, punguza kuvimwagilia.

Renatha alikasirika. Kuvimwagilia! Hajavipa hata tone!

"Vimebaki vingapi?" Kokwijuka aliuliza kila asubuhi, hata kabla ya chai.

"Vitatu, Mama."

"Vitatu," mzee alirudia, akashusha pumzi ndefu. Moyo wa Renatha uliuma kumsikia.

Siku moja wakimenya ndizi, Kokwijuka alimtazama sana.

"Umekonda, mwana wange. Na bado u msichana. Unazeekea hapa kwangu bure."

"Usiseme hivyo, Mama. Akirudi atukute."

Kisu cha mzee kilisimama kidogo. "Ndiyo," akasema polepole. "Atukute."

Kikabaki kimoja. Renatha alikiweka kwenye dirisha la sebuleni, penye jua zuri kuliko kwingine kote, akawa halali vizuri kwa kukifikiria. Hiki kikifa, Mzee Anatory atakuja na panga, na mama huyu ataona mgomba ukifukiwa kwa jina la mwanawe. Atavumilia vipi, waitu, jamani? Itamuua.

Jumapili alikwenda misa peke yake, kwa kuwa miguu ya Kokwijuka haikumfikisha tena kanisani. Katikati ya mahubiri mvua ikashuka, ile mvua yao isiyobisha hodi, na Renatha akakumbuka kwamba dirisha ameliacha wazi. Hakungoja komunyo. Alivua viatu akavishika mkononi, akakimbia kwenye tope, anamwomba Bikira Maria kwa sauti, watu waliojikinga barazani wakimshangaa.

Alifika amelowa chapachapa, akasukuma mlango.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Kokwijuka alikuwa amesimama hapo, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine umeshika kikombe, anamimina maji kwenye kopo taratibu, machozi yanamtiririka.

"Mama!" Sauti ilimtoka Renatha kama si yake. "Kumbe ni wewe?"

Mzee hakushtuka. Alimimina mpaka tone la mwisho, akakitua kikombe.

"Mimi wangu nilishamzika moyoni siku ileile, mwana wange," alisema. "Nilikuwa nakusubiri wewe."