Sahihi ya Mwenyeji

Hii hutaiamini, lakini soma. Wodi iliendeshwa kutwa nzima, mzee wa watu akaokolewa, hakuna aliyesema uongo hata mmoja, na bado jioni kalamu ikakosa wa kuishika.

Saa moja kasoro dakika chache asubuhi Sindano aliingia wodini, akatundika mkoba wake kwenye msumari wa kwanza aliouona, kama msumari ule ni wake tangu hospitali inajengwa.

Alifundishwa na shangazi yake, muuguzi wa mkataba aliyezunguka miaka ishirini: miezi mitatu hospitali hii, miezi mitatu ile. Asubuhi hiyo shangazi alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti kwenye simu. "Ukifika usijichekeshe. Usiulizeulize. Wakijua ndiyo mara yako ya kwanza wamekumaliza. Jifanye umezaliwa humo."

Sindano, jina alilopewa nyumbani kwa kuwachoma wadogo zake kwa vijiti tangu ana miaka mitano, alikuwa na sababu ya kutii. Kule zahanati ya karibu na kwao alishaacha kazi na nafasi yake ilishapata mtu. Mkobani alikuwa na fomu ya kijani kutoka ofisi iliyomtuma. Mwisho wa siku ya kwanza, muuguzi mwenyeji aliyeshinda naye anasaini kwamba huyu kazi anaiweza. Bila sahihi hiyo mkataba umekufa, rudi kwenu. Mama yake alishamwambia, "Kitanda chako sijakitoa." Hakusema kwa upendo.

Sindano akaona mwenyeji ameshafika. Mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, kaketi kwenye meza ya wauguzi na kidaftari mkononi.

Muuguzi wa usiku aliwakabidhi mbiombio: vitanda kumi na vinne, mzee wa kitanda cha sita ana kisukari, mumwangalie. Akaondoka anafunga sweta. Mezani palikuwa na karatasi ya msimamizi wa wodi: *Nipo semina hadi kesho. Mgeni asiachwe peke yake.*

Mama Miwani aliisoma kwa sauti, akamtazama Sindano. Sindano naye akamtazama.

"Sawa," wakasema wote wawili.



"Haya dada," Mama Miwani akaanza, "glovu ziko wapi?"

Mtihani umeanza, Sindano akawaza. Na mtu mzima kama yule kumwita yeye dada, hiyo si kejeli ni nini? Alikwenda taratibu hadi kabati la kwanza, akalifungua. Mabeseni.

"Humu ni mabeseni," alisema, uso mkavu. Akafungua la pili. "Na humu ni glovu."

Mama Miwani akavaa miwani, akaandika kwenye kidaftari. Sindano akahisi maksi zinakatwa.

Ikaenda hivyo. Mashuka je? Daktari anapita saa ngapi? Hilo Sindano alilisoma kwenye ratiba ukutani. Kila akijibu, au akifungua mlango na kukuta kitu fulani na kukitaja jina, kidaftari kinaandikwa. Chooni Sindano alimtumia shangazi ujumbe: "Ananiuliza kila kitu. Huyu mama ni polisi." Shangazi akajibu, "Wapo wa hivyo. Usitikisike."

Saa nane mchana mzee wa kitanda cha sita akaanza kutoka jasho na kumwita Sindano kwa jina la marehemu mkewe. Sindano akampima. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya, na mzee kumeza hawezi tena.

"Maji ya sukari, ya mshipani," alisema.

Walifika pamoja kwenye kabati la dawa. Kufuli.

"Funguo," alisema Sindano.

"Funguo," alisema Mama Miwani.

Wakatazamana. Sindano akaapa moyoni kwamba mwanamke huyu ana roho ya jiwe: mtu anazimika, yeye bado anatahini.

"Nyuma ya kalenda, wanangu," ikasema sauti ya bibi wa kitanda cha tisa, aliyelazwa pale wiki ya tano. "Leo mmesahau nyote?"

Mama Miwani alichomoa funguo, akaning'iniza dripu. Sindano akapata mshipa kwa mchomo mmoja, kwenye mkono ambao ulikuwa umebaki ngozi tu. Daktari alipofika mzee alishafumbua macho na anauliza nani kachukua kandambili zake.

"Wodi hii ina watu wanaojua kazi," daktari alisema, akaendelea na safari zake.

Mama Miwani akaandika na hilo pia.

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni Sindano alimaliza kukunja mashuka. Akatoa fomu ya kijani mkobani, akainyoosha, akaiweka mezani pamoja na kalamu.

"Mama, samahani. Naomba sahihi yako. Hapo, kwenye mwenyeji."

Mama Miwani akavaa miwani. Akaisoma fomu mwanzo hadi mwisho, halafu akarudia. Hakugusa kalamu. Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua pole pole juu ya meza, kando ya ile nyingine. Ya kijani. Muhuri ule ule. Mahali pa mwenyeji, patupu.

"Mimi nilikuwa nangoja umalize mashuka, dada," alisema, "nikuombe yako."

Huko koridoni viatu vya muuguzi wa usiku vilikuwa vinakuja. Mezani kalamu ni moja. Ungekuwa wewe, ungesaini?