Nusu Tangi

Gesi ya kupikia ilikuwa haiuzwi tena. Kila Jumamosi mtu mmoja wa kila nyumba aliketi mbele ya skrini, akaendesha gari la mashindano ya mchezo, na mafuta yaliyobaki kwenye tangi lake mwisho wa mbio ndiyo yaliyowasha jiko lao wiki nzima.

Kwa Elirehema, usukani ulikuwa wa mkewe Namsifu, binti wa dereva wa lori. Wenzake walikanyaga mafuta wakigombea ushindi. Yeye, kila akifika mteremkoni, alitoa gia akaliacha gari liserereke lenyewe, kama babake alivyozoea. Leo alifika wa mwisho, tangi likiwa nusu.

"Mama Ndekirwa, leo makande!" mumewe alishangilia, akainjika sufuria kubwa, maana mahindi na maharage hula moto mwingi, na leo ulikuwapo.

Namsifu akacheka, akajinyoosha. Harufu ya maharage ilikuwa imeshaenea nyumba nzima skrini ilipoandika: "Hongera. Umethibitisha kwamba nusu tangi inatosha kumaliza mbio. Kuanzia Jumamosi ijayo utaanza na nusu."

"Wanasemaje?" Elirehema aliuliza kutoka jikoni.

"Wanatupongeza," akajibu, akaenda kupunguza moto.